Nyundo Zisizolika

Kwa muda wote wa ndoa yao Zablon Mazengo alimchongea mkewe nyundo. Hazikuwa za kugongea misumari. Zilikuwa nyundo za mpingo, kichwa cha ukubwa wa ngumi, mpini uliokaa vizuri kiganjani, na kazi yake ilikuwa moja tu, kupigia kengele tatu za kanisa la Mahomelo, kijiji cha wakulima na wafugaji ukishaipita Mvumi. Mpiga kengele alikuwa Ruthu, mkewe. Alizipiga mpaka vichwa vya nyundo vikalika pande zote na kuota nyuzinyuzi, na Jumamosi mumewe aliporudi kutoka mjini alimwekea zile zilizolika mezani pamoja na chakula.

"Baba Emi, hii ulichonga mpingo au muhogo?"

Zablon alicheka, akala ugali wake, akatoka nje kutafuta kipande kingine cha mti. Lakini tusidanganyane, jambo hilo lilimkera. Alikuwa fundi wa chuma katika karakana ya Jiten, Dodoma mjini, mtu anayekereza shafti za mashine za kusaga na zikishatoka mlangoni hazirudi. Kitu pekee kilichokuwa kikirudi ni nyundo za mkewe. Kila iliyolika aliiona kuwa kasoro ya mkono wake, na jambo hilo akalimeza, hakumwambia mtu. Laiti angelisema, pengine angetokea wa kumweleza kwamba nyundo ya kengele inatakiwa ilike. Hakusema. Wanaume wa aina yake watakuzungumzia mvua na siasa mpaka chai ipoe, ila la moyoni wanakaa nalo.

Ndoa yao ilikuwa ya Jumamosi na Jumapili. Siku za kazi yeye alilala kwenye chumba cha kupanga, Chang'ombe, na Ruthu alibaki Mahomelo na uwele wake, karanga zake na binti yao Emiliana. Miaka ikapita hivyo, binti akakua, akawa mshonaji mwenye cherehani yake barazani. Na kila Jumapili asubuhi Zablon alibaki kitandani akijifanya amelala, kumbe anamsikiliza mkewe akipiga kengele. Hiyo ndiyo saa aliyoingojea wiki nzima. Alikuja kumwambia hivyo wakati Ruthu hawezi tena kuzipiga, na maneno yale yalimfurahisha na kumliza.

Kengele zenyewe hazikuwa na mnara. Zilining'inia kwenye kipande cha reli kilicholazwa juu ya nguzo mbili za mawe kando ya kanisa: ndogo, ya kati na kubwa. Waliozileta walikuwa wamisionari wa zamani, na hakuna aliyebaki hai aliyeona zikipandishwa. Ruthu alisimama katikati yake, nyundo kila mkono, akapiga wimbo wa kutwanga aliorithi kwa mama yake. Ndogo mara mbili, kisha ya kati, kisha anangoja kidogo, kama mtwangaji anavyovuta pumzi mchi ukiwa juu, ndipo anaishusha kubwa. Watoto wa Mahomelo walioga kwa wimbo ule, wazee walitafuta viatu kwa wimbo ule. Na mtu akifa, Ruthu aliipiga ile kubwa peke yake, polepole. Hapo kila aliyekuwa shambani aliweka jembe chini na kusimama kimya mpaka inyamaze. Hapakuwa na msiba kijijini ambao hakuutangaza yeye.

Kiharusi kilimkuta akipura uwele. Alipotoka hospitali upande wa kulia ulikuwa umelala, mkono wa kulia ukawa kitu cha kubebwa na wa kushoto, na ulimi ukawa mzito hata jina la binti yake likawa kazi ngumu kulitoa. Alilazwa kwenye kitanda cha mbao chumba cha mbele, dirisha linaloelekea kanisani.

Kuanzia hapo kengele zilipigwa na yeyote aliyewahi kufika, na wengi walipiga kama wanaofukuza ndege shambani. Emiliana alijaribu. Mikono yake ilijua kitambaa na uzi, ila wimbo ule ulimgomea, ile pumzi kabla ya kubwa aliiharakisha kila mara. Ruthu alipomsikia aligeuza uso ukutani.

Jumapili moja alimshika mumewe shati kwa mkono wa kushoto.

"Nataka kuusikia," alisema. Ilimchukua muda. "Kabla."

"Kabla ya nini?" Zablon aliuliza, na alijua vizuri kabla ya nini. Daktari alishamweleza Emiliana kwamba kiharusi cha pili kikija, mama hataweza kukihimili.

Ruthu aliendelea kulishika shati.

"Utausikia, Mama Emi. Nakuahidi. Utausikia wimbo wako wenyewe, na hakuna atakayeuharakisha."

Aliahidi kwanza, akaanza kufikiri baadaye.

Bahati ni kwamba jambo la kufikiri lilikuwapo. Hekalu la Wahindu mjini lina mashine ya arati, kisanduku chenye ngoma na vikengele vya shaba ambavyo saa ya sala hupigwa kwa umeme. Mama Damyanti, mama yake Jiten, hakosi sala, na siku vinyundo vya kuvipigia vilipolika na mashine ikaanza kugugumia, alimpigia mwanawe simu kana kwamba nyumba inaungua. Jiten akamtuma Zablon. Zablon akavitoa vinyundo vilivyolika, akavitengenezea ncha mpya za chuma kigumu, akavirudisha. Hiyo ilikuwa zamani kidogo, na vikengele vya hekalu vingali vikilia bila matata. Mama Damyanti bado anamtumia vitafunio vya sikukuu kwa ajili ya kazi ile.

Basi Jumatatu Zablon alifika karakana akamwambia tajiri yake, "Jiten bhai, nataka kutengeneza mashine kama ile ya mama. Ila kubwa. Ya kengele za kanisa."

Jiten alivua miwani. Alikuwa mtu wa utani, lakini alimjua Ruthu, aliwahi kula karanga zake miaka na miaka. "Shemeji anaendeleaje?"

"Anataka kuusikia wimbo wake."

"Basi chukua chochote unachokiona humu ndani," Jiten alisema. "Usiniulize. Chukua."

Akachukua. Mota ilikuwa ya waipa ya lori, inayozunguka taratibu na kwa nguvu. Umeme ulitoka kwenye betri na paneli ya sola. Mota ilizungusha gogo la mninga alilolikereza mviringo likawa laini kabisa, na juu ya gogo akapanga misumari: kila msumari ukipita unainua mkono wa chuma, ukishapita mkono unaanguka, na kwenye ncha ya mkono kuna nyundo inayopiga kengele. Springi inaurudisha nyuma upesi ili nyundo isibaki imeegemea na kuuzima mlio. Mikono mitatu, kengele tatu. Mpangilio wa misumari ndio wimbo wenyewe.

Mchungaji Gerson alipoelezwa alikuna kidevu. "Kwa hiyo waumini wangu wataitwa na waipa ya lori?"

"Wataitwa na Ruthu, Mchungaji. Waipa ni ya kumsaidia mkono tu."

Mchungaji alikubali.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuupata wimbo, na hii waliifanya wawili. Zablon alileta gogo chumbani, akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda na chaki mkononi. Ruthu hakuweza kuimba, lakini mkono wa kushoto ulikuwa mzima, na ubao wa kitanda ulikuwepo. Kengele ndogo aliigonga kwa ncha ya kidole. Ya kati kwa kifundo cha kidole. Kubwa aliipiga kwa kiganja kizima, bapa, na kitanda chote kikatetemeka. Zablon alichora, akakosea, mkewe akatikisa kichwa na kuanza upya. Jumamosi nzima iliishia hapo, na iliyofuata pia. Emiliana alipita na maharage ya kuchambua akawakuta wanagombana kuhusu pumzi moja, mmoja kwa maneno na mwingine kwa kiganja. Alikwenda kulilia jikoni. Alikuwa hajawahi kuwaona wazazi wake wakikaa pamoja muda mrefu kiasi kile.

Siku mashine ilipofungwa, nyundo zilikuwa za mpingo kama kawaida, na wimbo ulitoka sawasawa. Ruthu aliusikia dirishani. Machozi yalimshuka kwa upande mmoja wa uso tu, upande uliokuwa hai, na Zablon alijiona ameshinda dunia.

Furaha hiyo haikufika mbali. Mashine haina mkono wa Ruthu. Yeye, bila hata kujua, alikuwa akiigeuza nyundo kiganjani kila baada ya mapigo machache, ikilika huku na huku kwa usawa. Mkono wa chuma uligonga kwa upande uleule, palepale, na mpingo ukapasuka kabla mwezi haujaandama. Zablon akachonga zingine, nazo zikapasuka. Akajaribu raba ya tairi, jua la huku likaikausha ikawa kama biskuti na mlio ukawa wa kugonga ndoo. Jumapili moja kengele ya kati ilinyamaza katikati ya wimbo kwa sababu kichwa cha nyundo kiliruka na kuangukia kuku wa mchungaji. Watu walicheka sana. Ruthu hakucheka, aliuliza kwa shida, "Imekwisha?"

Hapo ndipo Zablon alipokasirika. Ile aibu yake ya miaka yote, ya nyundo zinazorudi, ilipanda kichwani. Muda wa mkewe ulikuwa ukienda na yeye yuko juu ya nguzo na bisibisi kila Jumamosi kubadilisha vipande vya mti. Akasema sasa basi. Nitatengeneza nyundo ambayo haitalika mpaka tunazikwa wote.

Jiten alimpa kipande cha ekseli ya lori, chuma kigumu kuliko vyote vilivyokuwamo karakana. Alimpa kwa moyo mweupe. Zablon alikikereza vichwa vitatu, akavitia motoni mpaka vikawa vyekundu, akavizamisha kwenye oili chafu ili vizidi kuwa vigumu. Alijaribu kuvikwaruza kwa tupa, na tupa ikateleza tu. Ilimfurahisha sana. Alikumbuka vikengele vya hekaluni, vinavyogongwa kwa chuma kigumu na havina neno. Hakukumbuka kwamba vile vinagongwa kidogo tu, mfano wa mtu anayebisha hodi kwa kidole, na hizi zake zilikuwa zinagonga kwa uzito wa mkono mzima.

Ah, lakini zililia! Mlio ulikuwa mkali na safi, ukavuka mashamba mpaka kwa wafugaji wa ng'ambo ya korongo, nao walisema hawajawahi kuzisikia hivyo. Ruthu alilala akisikiliza, kiganja kikifuata kwenye ubao wa kitanda. Wiki zikapita, nyundo hazina hata alama. Zablon alizipandia kila Jumamosi kuzitazama, akazipangusa vumbi, akashuka akiimba. Alizitazama nyundo. Kengele hakuzitazama hata siku moja.

Aliyejua wa kwanza alikuwa Ruthu. Jumapili moja wimbo ulipofika kwenye kubwa alikunja uso. Ulipofika tena akapiga kiganja ubaoni na kutikisa kichwa.

"Kuna nini, Mama Emi?"

"Inakohoa," alisema.

Zablon alikuwa ameisikia naye. Alitoka bila kuvaa kofia, akapanda nguzo. Kwenye mdomo wa kengele kubwa, pale nyundo inapogonga, palikuwa na kishimo kinachong'aa kama sarafu mpya, na kutoka kwenye kishimo ufa mwembamba wa unywele ulipanda juu, ukapinda, ukaendelea. Aliufuata kwa kidole mpaka kidole kikakosa pa kufika. Kisha akaigeuza ile nyundo yake na kuitazama. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Alikaa juu ya ile nguzo muda mrefu, waumini wakiingia ibadani chini yake. Chuma laini kuliko kengele kingelika chenyewe na kengele ikapona, sasa aliliona jambo hilo wazi kabisa, na mwenye kumfundisha alikuwa mkewe, aliyemletea nyundo zilizolika maisha yake yote na kengele zikiwa nzima. Alijichukia kiasi cha kutaka kujirusha chini.

Aliporudi nyumbani alidanganya. "Ni vumbi," alimwambia. "Nitaipangusa."

Ruthu alimtazama. Mtu aliyeishi na kengele maisha yake yote huwezi kumdanganya kwa vumbi, na Zablon alijua hivyo hata kabla ya kufunga mdomo.

"Imepasuka," alisema Ruthu.

"Imepasuka. Ni mimi. Nyundo zangu zimeipasua, Mama Emi. Nisamehe."

Ruthu aligeuza uso ukutani, akabaki hivyo Jumapili nzima, na Jumatatu alfajiri Zablon aliondoka kwenda mjini bila kuagwa. Jambo hilo lilikuwa halijatokea tangu waoane.

Jiten aliposikia alikaa chini juu ya kreti la soda. "Ekseli nilikupa mimi," alisema.

"Ulinipa chuma, bhai. Nyundo nilitengeneza mimi."

Jiten aliwapigia simu mafundi aliowajua na asiowajua, Dar es Salaam, Mwanza, hata binamu yake Gujarat. Wote walisema lilelile: kengele ya namna ile ukiichomelea unaiua kabisa, kinachoifaa ni kuyeyushwa na kumiminwa upya kwenye kalibu, na hiyo ni safari ya mbali na ya muda mrefu. Zablon hakuwa na muda mrefu. Alirudi kwenye meza yake ya kazi, akazivunja zile nyundo ngumu alizozing'oa kule juu, akaanza nyundo za kengele mbili zilizobaki. Safari hii alirudia mpingo, akauchemsha kwenye mafuta ya karanga ili usipasuke haraka, na kichwa cha nyundo akakiwekea gurudumu dogo lenye meno, ili kila inapogonga kigeuke kidogo na pigo linalofuata liwe upande mwingine. Alikuwa akiuiga mkono wa Ruthu. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kuzifanya, akaifanya bila furaha yoyote.

Jumamosi alimwonyesha mkewe. Aliigeuza mbele ya macho yake, tiki, tiki, kama anavyoonyeshwa mtoto kitu cha kuchezea.

"Inageuka," alisema. "Kama ulivyokuwa ukifanya. Italika, nami nitachonga nyingine. Ya kubwa nimeitoa, mkono umebaki bila kichwa. Sasa nakwenda kung'oa na misumari yake kwenye gogo, ili wimbo—"

"Acha," alisema Ruthu.

"Nisiing'oe?"

"Acha."

Hakueleza, na Zablon hakuwa tena na ujasiri wa kumbishia. Akaiacha misumari. Jumapili asubuhi Emiliana alikwenda kanisani kuwasha swichi, na Zablon akabaki kwenye kigoda chake kando ya kitanda, ameinamisha kichwa. Alijua kitakachosikika: wimbo wenye pengo, na pengo hilo kila mtu anajua limetoka wapi.

Ndogo, ndogo, ya kati. Huko nje ule mkono usio na nyundo uliinuka na kuangukia hewa tupu.

Na ndani ya chumba, kiganja cha Ruthu kikashuka kwenye ubao wa kitanda.

Zablon aliinua kichwa. Ndogo, ndogo, ya kati, pumzi ileile, halafu kiganja, bapa, na kitanda kikatetemeka. Mkewe alikuwa amefumba macho. Hakukosea hata pigo moja mpaka Emiliana alipozima, na alipofungua macho alimtafuta mumewe, akamkuta analia waziwazi, hakujificha.

"Tunapiga," alisema Ruthu. Kisha, baada ya kuupata ulimi, "Wote."

Walipata Jumapili chache za namna hiyo. Zablon alimwomba Jiten amwachie na Ijumaa pia, akaachiwa. Waliongea zaidi katika muda ule kuliko katika miaka yote, ingawa mmoja wao hakuwa na maneno. Alimwambia kuhusu asubuhi zile alizojifanya amelala, naye Ruthu akacheka na kulia kwa pamoja, akamfinya sikio.

Kiharusi cha pili kilikuja siku ya kazi. Emiliana alipiga simu, Zablon akaikuta imeita mara nyingi mfukoni kwa sababu mashine ya kukereza ilikuwa ikinguruma. Jiten mwenyewe alimwendesha mpaka Mahomelo. Hawakumwahi. Emiliana alikuwa mlangoni, khanga kiunoni, na alipomwona baba yake hakusema shikamoo, alisema tu, "Baba, alikuwa anagonga. Mpaka mwisho alikuwa anagonga kitanda."

Msiba ulipokaa likazuka neno ambalo kila mtu alikuwa amelifikiria na hakuna aliyetaka kulianza. Aliyewalilia wote kwa kengele kubwa ataliliwa kwa kengele gani yeye? Kengele kubwa ilikuwa imepasuka. Mzee mmoja wa kanisa alisema ipo ile rimu ya lori iliyokuwa ikigongwa shuleni, itundikwe. Zablon aliyekuwa kwenye mkeka pembeni aliinuka.

"Mke wangu hataagwa kwa rimu."

"Fundi, sasa tufanyeje?" Mchungaji Gerson aliuliza kwa upole. "Kimya nacho si heshima."

"Iwashwe mashine. Upigwe wimbo wake."

Wazee walinung'unika. Ule ni wimbo wa Jumapili, wa furaha, haujawahi kupigwa juu ya maiti, na tena una pengo, watu watasema nini. Jiten, aliyekaa karibu na mlango siku nzima akiwa amevaa nguo nyeupe, za msiba kwa desturi ya kwao, alimtazama mchungaji. Mchungaji alimtazama Zablon usoni, akasema iwashwe.

Makaburi ya Mahomelo yako nyuma ya kanisa, karibu kabisa na zile nguzo. Jeneza liliwekwa juu ya viti viwili kando ya kaburi, vijana waliochimba wakasimama pembeni na majembe yao na makoleo, jasho na vumbi jekundu mpaka nyusi. Zablon alisimama kichwani pa jeneza. Mchungaji alipomaliza kusoma alifunga kitabu, na Emiliana akaenda kwenye swichi.

Ndogo, ndogo, ya kati. Mkono uliinuka, ukaangukia hewa tupu, na pengo likapita juu ya watu. Mwanamke mmoja alianza kwikwi. Ndogo, ndogo, ya kati, na pengo tena. Zablon alitazama ule mkono wa chuma alioutengeneza mwenyewe ukipiga hewa, akahisi ile pumzi ya kabla ya kubwa ikimjaa kifuani, hana pa kuitolea.

Mara ya tatu kiganja chake kilishuka kwenye kifuniko cha jeneza.

Kilishuka bapa, kizima, na mbao zikaitika. Watu waligeuka. Mzee wa kanisa alitaka kusogea, Mchungaji Gerson akamshika mkono. Ndogo, ndogo, ya kati, kiganja. Hakuuharakisha. Aliupiga kama alivyofundishwa kwenye kigoda na chaki mkononi, mzunguko hadi mzunguko, machozi yakidondokea kifuniko, mpaka Emiliana asiyeweza kuvumilia zaidi alipozima swichi na kengele mbili zikanyamaza.

Kiganja hakikunyamaza. Kiliendelea chenyewe, polepole, pigo moja na kimya, pigo moja na kimya, kubwa peke yake, na wale vijana pembeni ya kaburi, mmoja baada ya mwingine, wakaweka majembe chini.